Picha za mama na binti: kisa kuhusu umri na usahihi wa mamografia

Majina, tarehe na kazi za wahusika nimeziondoa, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Umri nimeuacha kama ulivyo, maana bila umri kisa hiki hakipo. Nitawaita Mama na Binti. Wote wawili wameusoma uchambuzi huu na kuridhia utoke.

Usuli

Mama alikuwa na miaka 66 alipokuja katika kituo chetu cha uchunguzi wa matiti, na hiyo ilikuwa mara yake ya sita kupigwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti. Hedhi yake ilikoma zaidi ya miaka kumi na tano nyuma. Binti, mwenye miaka 42, alikuwa hajawahi kupimwa. Alikuja kwa sababu Mama alimng'ang'ania: "Tunakwenda wote, na wewe upimwe."

Hakuna aliyekuwa na dalili yoyote. Hakuna ndugu wa karibu waliyemjua aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari. Kwa lugha ya kitabibu, wote walikuwa watu wenye afya waliokuja kuchunguzwa, na waliwekwa kwenye foleni moja, mashine moja, mtaalamu mmoja wa kupiga picha.

Mimi ni daktari wa radiolojia. Siku ile nilikuwa msomaji wa pili: kila picha husomwa na madaktari wawili, na yule wa pili hutoa maoni yake bila kujua wa kwanza amesema nini.

Picha zenyewe

Inafaa nieleze kilichokuwa kwenye skrini, kwa kuwa yote yaliyofuata yalianzia pale.

Titi la Mama lilikuwa jeusi-kijivu karibu lote. Mafuta hupitisha mionzi kwa urahisi, kwa hiyo kwenye picha huonekana meusi, na titi la mwanamke aliyekoma hedhi miaka mingi mara nyingi limejaa mafuta mahali palipokuwa na tezi. Katikati ya weusi huo, upande wa juu wa titi la kulia, kulikuwa na doa jeupe dogo lenye miiba midogo pembezoni. Halikuhitaji kutafutwa.

Titi la Binti lilikuwa jeupe. Tezi na nyuzi za titi huzuia mionzi, hivyo huonekana nyeupe, na uvimbe wa saratani nao huonekana mweupe. Kumtafutia Binti uvimbe ilikuwa kama kutafuta tone la maziwa kwenye karatasi nyeupe. Katika titi la kushoto niliona kivuli ambacho sikukipenda. Msomaji wa kwanza naye alikitilia shaka. Titi la kulia sote wawili tuliliona la kawaida.

Katika BI-RADS, mfumo wa kuandikia majibu ya picha za matiti, uzito wa tishu za titi hupangwa kwa herufi nne, kuanzia A, titi lenye mafuta karibu tupu, hadi D, titi zito kupita kiasi. Mama tulimwandikia A. Binti tulimwandikia D.

Mfululizo wa matukio

Wote wawili waliitwa warudi. Mama alifanyiwa biopsia, yaani kuchukuliwa kipande kidogo cha tishu kwa sindano: saratani ya milimita 8, ya daraja la chini, yenye vipokezi vya homoni, yaani inayochochewa na homoni za mwili. Alifanyiwa upasuaji wa kutoa kipande tu, tezi ya kwapani ambayo saratani ingefikia kwanza ikakutwa safi, akapata tiba ya mionzi na kuanzishiwa vidonge vya kuzuia homoni.

Binti alisubiri siku kumi na moja kabla ya kurudiwa. Aliniambia baadaye kwamba usiku alikuwa anakaa sebuleni bila kuwasha taa, ili watoto wasijue kuwa yuko macho. Tulipiga picha za ziada za titi la kushoto, tukalibana vizuri zaidi, na sehemu kubwa ya kile kivuli ikatawanyika: zilikuwa tishu zilizolaliana. Kilichobaki tulikiangalia kwa altrasaundi, kikawa kifuko cha maji cha milimita 6, kisicho na madhara yoyote. Titi la kulia halikuguswa na altrasaundi, kwa sababu hapakuwa na cha kutazama.

Alipelekewa barua yenye mistari miwili: "Hakuna saratani. Tafadhali rudi baada ya miaka miwili." Taarifa kamili, yenye ile herufi D, ilikwenda kwa daktari wake wa kawaida, mstari mmoja kati ya mingi.

Miezi saba ikapita. Akiwa bafuni, Binti alipapasa kitu kigumu kwenye titi la kulia, karibu na kwapa. Alimweleza Mama, ambaye wakati huo alikuwa anamaliza tiba. Mama akamjibu kwa upendo wote: "Mwanangu, wewe ulipimwa. Tena mara mbili, na altrasaundi juu." Akatulia wiki tano.

Kile kitu hakikuondoka. Akaenda kwa daktari wake wa kawaida, ambaye alikipapasa, akafungua faili, akaisoma barua yetu, akasema huenda ni kifuko kingine cha maji kama kile cha kwanza. Wangoje hedhi mbili zipite waone. Ikapita karibu miezi miwili. Kisha Binti alirudi kwetu mwenyewe bila rufaa na kukaa kwenye benchi la mapokezi hadi alipopata mtu wa kumsikiliza.

Mamografia mpya haikuonyesha kitu ambacho ningeweza kukiapia. Altrasaundi ilionyesha mara moja: uvimbe mweusi wenye kingo zisizo sawa, umesimama wima badala ya kulala, milimita 23. Biopsia ilifanyika siku ileile.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

Ni rahisi kusoma habari hii kutoka mwisho kurudi mwanzo na kumwona kila mtu kuwa mzembe. Sivyo ilivyokuwa.

Tuliamua kutopiga altrasaundi titi la kulia kwa sababu altrasaundi ya matiti mazima kwa kila mwenye tishu nzito huibua vivimbe vingi visivyo na ubaya, na kila kimoja kinadai sindano au miezi ya wasiwasi. Muda wa miaka miwili ulikuwa utaratibu wa kituo kwa wanawake wote, wa miaka 42 na wa miaka 66. Leo naona hapo ndipo tulipouchukulia umri kama namba ya kujaza kwenye fomu.

Daktari wa kawaida alikuwa na hoja yake. Uvimbe mwingi wa titi kwa mwanamke wa miaka 42 si saratani, na huyu alikuwa na kifuko cha maji kilichothibitishwa. Ila barua yetu ilimsukuma. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba isingekuwepo angemtuma siku ileile.

Uamuzi ninaouona sahihi kabisa ni ule wa mwisho: mwenzangu aliyempokea Binti hakuridhika na mamografia isiyoonyesha kitu. Mkono ulikuwa unakihisi kile kitu, kwa hiyo lazima kipatiwe maelezo, na kama picha moja haikielezi, inatafutwa nyingine, kisha sindano.

Matokeo

Saratani ya Binti haikuwa na vipokezi vya homoni mbili, estrojeni na projesteroni, wala protini ya HER2 kwa wingi, yaani ile tunayoiita ya hasi tatu. Ni aina inayoonekana zaidi kwa wanawake wenye umri mdogo, na hukua haraka. Alipata tibakemikali kwanza, kisha upasuaji, kisha mionzi. Kipimo cha jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na kasoro huongeza sana hatari ya saratani ya matiti, hakikukuta kasoro. Sasa ni zaidi ya miaka miwili, hana dalili ya ugonjwa kurudi. Vidole vyake bado vinapata ganzi asubuhi kutokana na dawa, na vifungo vya shati humchukua muda.

Mama anaendelea vizuri. Kinachomuuma ni yale maneno aliyomwambia mwanawe.

Uchambuzi

*Je, tuliikosa?* Hilo lilikuwa swali la kwanza. Tuliwapa madaktari wawili wa nje zile picha za mwanzo, zikiwa zimechanganywa na za wanawake wengine, bila kuwaambia habari yoyote. Wote wawili walikitilia shaka kile kivuli cha kushoto. Hakuna aliyeona kitu upande wa kulia. Hata mimi, nikijua sentimita kwa sentimita uvimbe ulipotokea, nikirudi kwenye picha ya kwanza naona weupe tu.

Kwa hiyo msomaji hakukosea kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Kipimo kilifika mwisho wa uwezo wake. Kwa Mama kilikuwa kipimo kizuri sana; kwa Binti, siku ileile na kwa mashine ileile, kilikuwa kipimo dhaifu zaidi. Sisi tukawaandikia majibu yao kwa uhakika uleule.

*Umri unabadilisha nini?* Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliotazama wanawake 329,495 wenye umri wa miaka 40 hadi 89. Kwa wenye miaka 40 hadi 44, mamografia iligundua asilimia 68.6 ya saratani zilizokuwepo au zilizojitokeza muda mfupi baadaye. Kwa wenye miaka 80 hadi 89, iligundua asilimia 83.3. Ukipanga kwa uzito wa tishu badala ya umri, tofauti inakuwa kubwa zaidi: asilimia 62.9 kwa matiti mazito kupita kiasi na asilimia 87.0 kwa yale ya mafuta karibu tupu. Hizo zilikuwa enzi za filamu. Mashine za kidijitali zimesaidia, na utafiti wa DMIST uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba walionufaika zaidi ni hao hao wa chini ya miaka 50, wenye tishu nzito, na ambao hedhi yao haijakoma au inaelekea kukoma. Pengo limepungua, kisa hiki kinaonyesha kuwa bado lipo.

Sababu ya kwanza ni huo weupe. Ya pili ni kasi. Saratani za wanawake wa miaka arobaini na kitu kwa wastani hukaa muda mfupi zaidi katika kile kipindi ambacho picha inaweza kuiona lakini mkono bado hauihisi: takriban miaka miwili, wakati kwa wa miaka sitini kipindi hicho huelekea miaka mitatu hadi minne. Ukimwambia mwenye miaka 42 arudi baada ya miaka miwili, saratani ya haraka inaweza kuanza kuonekana na kugeuka uvimbe wa kushikika kabla ya tarehe yake kufika. Siwezi kujua kama saratani ya Binti ilikuwa tayari imejificha kwenye weupe siku ya kwanza au ilichipuka baadaye. Yote mawili yanawezekana, na yote mawili yanaegemea umri.

Sababu ya tatu inahusu kosa la upande mwingine, lile la kuitwa bure. Wengi hudhani kipimo kinachokosa saratani zaidi walau kitakuwa kinaita watu wachache. Kwa wanawake wadogo kinakosa zaidi *na* kinaita bure zaidi. Katika utafiti uleule, miongoni mwa wanawake wasiotumia homoni, uwezo wa kumtambua asiye na saratani ulikuwa asilimia 91.4 kwa wenye miaka 40 hadi 44, na asilimia 94.4 kwa wenye miaka 80 hadi 89. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu.

Tuseme wanawake 10,000 wa umri wa Binti wanapimwa, na 20 kati yao wana saratani. Kipimo kitaikuta kwa 14 na kuikosa kwa 6. Katika wale 9,980 wasio na ugonjwa, kama 858 wataitwa bure. Maana yake ni kwamba kati ya kila wanawake 62 hivi watakaopokea simu ya kuitwa, mmoja ndiye mwenye saratani. Sasa tuseme 10,000 wa umri wa Mama, 60 kati yao wana saratani, kipimo kinagundua asilimia 80 na kuwatambua wazima kwa asilimia 94. Watakutwa 48, wataitwa bure kama 596, yaani mmoja kati ya kila 13 hivi. Namba za wagonjwa hapa ni za mfano, ila uwiano unafanana na ninaouona kazini. Kinachougeuza zaidi si mashine bali ni uchache wa saratani kwa wenye umri mdogo: ugonjwa ukiwa adimu, hata kipimo kizuri huita wazima wengi.

Binti alikutwa na makosa yote mawili ndani ya mwaka mmoja. Aliitwa bure kwa titi la kushoto, akaambiwa yuko salama kwa titi la kulia. La kwanza ndilo lililolipa la pili nguvu, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Kuondolewa shaka ya kushoto kulimfanya aamini kwamba amechunguzwa kwa kina kuliko mtu wa kawaida. Altrasaundi ya eneo la sentimita chache, kichwani mwake na mwa mama yake, ikawa altrasaundi ya matiti yote. Hakuna aliyemdanganya, na hakuna aliyemweleza.

*Je, basi wenye miaka 40 wasipimwe?* Nimeulizwa hivi kila nilipokisimulia kisa hiki, na jibu langu ni hapana. Nchini Uingereza wanawake 160,921 waliingizwa kwenye utafiti wa UK Age kati ya mwaka 1990 na 1997, baadhi yao wakipigwa mamografia kila mwaka kuanzia karibu na miaka 40 hadi 48. Katika miaka kumi ya kwanza, vifo vya saratani ya matiti katika kundi lililopimwa vilikuwa pungufu kwa robo. Idadi ya waliookolewa ni ndogo kwa sababu vifo katika umri huo ni vichache, lakini ni watu. Ndiyo maana nchi hazikubaliani: Uingereza huanza kuita kati ya miaka 50 na 53, kila baada ya miaka mitatu, hadi miaka 71, jopo la kitaifa la kinga la Marekani lilisema 50 mwaka 2009, kisha mwaka 2024 likashusha hadi 40, kila baada ya miaka miwili hadi 74. Data ni zilezile kwa sehemu kubwa. Wanapishana katika kupima uzito wa kuitwa bure dhidi ya uzito wa kifo kimoja kilichozuiwa.

Wala umri si kioo kamili cha titi. Nimesoma picha za wanawake wa miaka 68 waliokuwa kundi D, na za wa miaka 41 waliokuwa B. Wanaotumia homoni baada ya kukoma hedhi wanaweza kubaki na tishu nzito. Kwa hiyo kumpa kila wa miaka 42 onyo moja kungekuwa kurudia kosa letu kwa sura nyingine.

*Na MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku?* Utafiti wa DENSE wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2019, uliwapa kipimo cha MRI wanawake wenye matiti mazito kupita kiasi ambao mamografia yao ilikuwa ya kawaida. Saratani zilizojitokeza kati ya kipimo na kipimo zilikuwa 2.5 kwa kila 1,000 katika kundi lililopewa nafasi hiyo, na 5.0 kwa kila 1,000 katika kundi la kawaida. Wanawake hao walikuwa na miaka 50 hadi 75, kwa hiyo siwezi kuuhamisha moja kwa moja kwa Binti. Kwa wenye kasoro ya BRCA hakuna mjadala: MRI inapendekezwa mapema, kabla ya miaka 30. Binti hakuwa mmoja wao.

*Kilichofanya kazi.* Kusoma mara mbili kulitupa uhakika kwamba tatizo halikuwa macho ya mtu mmoja. Kwa Mama kila hatua ilikwenda ilivyopaswa. Na siku Binti alipokuja na uvimbe, mwenzangu alifuata njia tatu, mkono, picha na sindano, bila kuiacha hata moja kwa sababu nyingine imetulia.

*Kilichoshindwa.* Ni barua. Wiki kumi na tatu zilipotea kati ya bafuni na biopsia, na sehemu kubwa ya wiki hizo ilisababishwa na maneno mawili tuliyoyaandika: "Hakuna saratani." Hatukuwa na haki ya kuyaandika kwa titi la kundi D la mwanamke wa miaka 42. Taarifa ya uzito wa tishu tulikuwa nayo, tukampa daktari, tukamnyima mwenye titi. Nchini Marekani, tangu Septemba 2024, vituo vinalazimika kumweleza kila mwanamke kama tishu zake ni nzito au si nzito. Sisi tulikuwa na uwezo huo muda wote bila kulazimishwa na mtu.

Tulichobadilisha

Jaribio letu la kwanza lilikuwa baya. Tuliandika aya ndefu kuhusu tishu nzito, asilimia na hatari, tukaituma. Simu zikafurika. Wanawake waliosomewa picha za kawaida kabisa waliamini tumewaambia wana ugonjwa, na wawili wakasema hawatarudi tena. Tuliiondoa baada ya wiki chache.

Ndipo nikamwomba Binti akae nasi. Alikuja na kalamu nyekundu. Aya ndefu aliifuta yote. Kwenye mstari wa kwanza alikata "Hakuna saratani" na kuandika juu yake "Hatukuona saratani". Mmoja wetu akasema wagonjwa hawataona tofauti. Akamjibu, "Mimi ningeiona, daktari. Ningejua kwamba mlitafuta mkafika mahali mkaishia."

Madaktari wa kawaida tuliwaandikia mstari mmoja unaokaa juu kabisa ya taarifa: uvimbe unaoshikika na usioondoka urudishwe kwetu, picha ya nyuma iwe ilisema nini. Wenye kundi D walio chini ya miaka 50 sasa tunazungumza nao ana kwa ana kuhusu kurudi baada ya mwaka mmoja, faida na usumbufu wake, kisha wao wanaamua. Baadhi huchagua miaka miwili, na tunaandika hivyo.

Barua ya sasa ina mistari minne. Wa tatu unasomeka hivi kwa walio kama Binti: "Titi lako lina tishu nzito, jambo la kawaida katika umri wako, na kwenye picha tishu hizo zinaweza kuficha uvimbe. Ukihisi kitu kipya njoo, hata kama barua hii bado iko mkononi." Mama alipata yake mwaka huu baada ya picha ya ufuatiliaji. Kwenye mstari huo yake imeandikwa kwamba titi lake lina mafuta mengi na picha inaonekana vizuri, na sentensi ya mwisho ni ileile.